Zinazoanguka Ndizo Jibu

Dada yangu mpendwa,

Sanduku lako limefika Iringa likiwa zima. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza hilo kwanza, kabla hujauliza habari za Mama au za mvua. Limewekwa kwenye kabati la vioo katika shule ya misheni, kati ya jiwe la kusagia na mkuki uliopinda ncha. Halikufika upesi, wala halikufika kwa njia niliyoipanga. Nakuandikia mbele za watu, humu gazetini, kwa sababu wote walioshika vipande vya sanduku hilo husoma gazeti hili au husomewa, na baadhi yao wanadhani bado nimewakasirikia.

Siku ya kwanza kuliona nilikuwa nimetumwa Mbeya kuandika habari za bei ya pareto. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, mwezi wa baridi. Nilipomaliza kazi nilipanda lori hadi mbele kidogo ya Uyole, kwenye kile kituo kidogo cha mbegu ambacho sasa kimefungwa. Nilikukuta umekaa karibu na dirisha, umevaa sweta juu ya sweta, na mbele yako sanduku la mbao lililojaa kadi ngumu. Sikuelewa kazi yako. Barua zako zilikuwa zinasema tu kwamba unahesabu maharage, na kule nyumbani Kilolo watu walidhani unayahesabu moja moja.

Hukunieleza. Uliniambia niulize.

"Uliza harage lolote unalotaka," ulisema. "Wewe si kazi yako kuuliza?"

Nikauliza harage lisilokufa kwa sakitu, ile baridi inayounguza majani. Ukachukua rundo la kadi, ukalinyoosha kwa kuligongagonga mezani, ukachagua tundu moja katika matundu yaliyopangwa kuzunguka ukingo, ukapitisha sindano ndefu ya chuma kutoka kadi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukainua. Ukatikisa. Kadi nyingi zikabaki zinaning'inia kwenye sindano, na chache zikaanguka mezani.

"Zinazoanguka ndizo jibu," ulisema. "Zinazobaki juu hazikuhusu leo."

Ndipo nikaona. Kila kadi ilikuwa ya aina moja ya harage, na kila tundu lilikuwa sifa moja. Harage lenye sifa hiyo, tundu lake lilikatwa kwa koleo mpaka likafunguka ukingoni, na sindano ikipita haina cha kuishika kadi. Harage lisilo na sifa hiyo, tundu lake liliachwa zima. Ukachukua zile zilizoanguka, ukapitisha sindano kwenye tundu jingine, la kuiva upesi jikoni, zikaanguka mbili. Yote hayo yaliisha kabla chai yangu haijapoa. Nikasema hiyo kazi ni kama kupepeta. Ukakataa. Ukasema ungo huondoa makapi, na kwenye kadi hakuna makapi, kwa sababu kadi inayobaki juu leo ndiyo itakayoanguka kesho mtu mwingine akiuliza swali lake.

Chini ya kadi, kwenye sakafu ya pili ya sanduku, kulikuwa na maganda ya kiberiti yenye namba, na ndani ya kila ganda punje chache za mbegu yenyewe. Kwa hiyo mtu aliyepata jibu kwa sindano aliliona kwa macho na kulishika kwa mkono.

Lile tundu la kuiva upesi nililiandika kwenye habari yangu, na mhariri akalikata akisema halihusiani na bei ya pareto. Asili yake ulinisimulia: bwana shamba wenu, yule Mzungu mrefu, alikuwa amebakiza matundu matupu kwenye ukingo wa juu, akakuuliza yatumikeje. Ukampeleka sokoni Uyole mkawauliza wanawake wauza mbegu. Hawakuzungumza juu ya ugonjwa wala mavuno. Walisema kuni. Harage linaloshinda jikoni tangu asubuhi linamaliza mlima, alisema mmoja, na bwana shamba akacheka, akaandika, na mliporudi kituoni mkaanza kupika kila aina ili mjue tundu la nani likatwe.

Kadi yangu pia ulinitengenezea, siku niliyokuudhi kwa kukaa mwaka mzima bila kukuandikia. Ulikata tundu la kuchelewa, la kula sana, la kutojibu barua. Ukaniambia nichague tundu lolote niombe Mungu nisianguke. Nikaanguka mara zote tatu. Kadi hiyo ukairudisha kwenye rundo pamoja na maharage, na imo mpaka leo.

Halafu zikaja kadi mpya. Hazikuwa na matundu ukingoni. Matundu yake yalitobolewa katikati, na zilifungwa kwenye maboksi zikapelekwa Nairobi, ambako iko mashine kubwa inayoyasoma yenyewe na kuhesabu kwa siku moja kazi ya ofisi nzima. Nimeiona mashine hiyo baadaye, kazini. Inapiga kelele kama kinu cha mahindi na chumba chake kina joto. Ni mashine nzuri, sina ubishi nayo. Kituoni mkaambiwa kadi za zamani hazina kazi tena, zichomwe nyuma ya ghala. Ukaomba sanduku la kwanza. Bwana shamba akakupa, na mengine yakachomwa.

Nilipokuja likizo Kilolo ulikuwa umeliweka chini ya kitanda. Nilikuuliza la nini, kwa sababu kituo kilikwisha kufungwa na hukuwa na mbegu za kutafuta. Ulinijibu polepole, kama mtu aliyekwisha kulifikiria.

"Ipo siku watasema mashine ndiyo iliyoanza," ulisema. "Uwaonyeshe sindano. Ila likae pamoja. Likitengana ni kuni."

Nilikubali. Sikuapa, lakini nilikubali, na ulijua mimi sikubali jambo kwa kupoteza muda.

Homa ya mapafu haikukupa nafasi ya kurudia maneno hayo. Tulikuzika Kilolo, juu ya bonde, upande unaopata jua la asubuhi. Baada ya mazishi nilirudi kazini Mbeya, gazeti lilikokuwa limenihamishia, na siku ya kuanua matanga nilipanda basi kurudi. Kabla ya Makambako barabara ilikuwa tope tupu. Lori lilikuwa limelala katikati ya njia, na sisi tukalala nyuma yake. Nilipofika Kilolo wageni walikuwa wanaaga. Vitu vyako vilikuwa vimekwisha kugawiwa.

Najua hukumlaumu mtu katika maisha yako kwa kufuata desturi, na mimi sikulaumu. Waligawa vizuri. Kila kitu kilikwenda pale kilipoonekana kina kazi. Koleo lilipewa binamu yetu, kwa sababu yeye ni kondakta wa basi na koleo linakata karatasi. Sindano alipewa Shangazi wa Mlandege, pale Iringa mjini, kwa sababu anafuma masweta, pamoja na kadi chache za juu. Sanduku, kadi zilizobaki na mbegu alipewa Mama. Hakuna aliyejua kwamba vitu hivyo ni kitu kimoja. Mimi nilijua, na nilikuwa kwenye tope.

Kilichopewa mtu mbele za watu siku ya matanga hakidaiwi. Huhitaji kufundishwa hilo, na wasomaji wetu wa Iringa hawahitaji pia. Anayedai anasema wazee waligawa vibaya, na anasema marehemu hajaondoka. Nilikaa na jambo hilo miezi kadhaa. Nilikwenda kwa mwalimu wa shule ya misheni, ambaye kwenye kabati lake huweka vitu vya kazi za zamani ili wanafunzi wavione. Nilimweleza juu yako. Alisikiliza vizuri, akasema atalipokea sanduku kwa furaha, lakini liwe zima, kwa sababu hawezi kuwaonyesha vijana sindano akawaambia wawaze mengine. Alikuwa anasema maneno yako bila kukujua.

Nikaanza kwa Shangazi.

Nilimkuta Mlandege mbele ya nyumba, anaota jua na kufuma. Mkono wa kulia alishika sindano yako ya chuma, wa kushoto sindano ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe, kwa sababu yako ilikuja bila mwenzake. Sufu alikuwa ameizungusha kwenye kadi zako. Vile vipengo ulivyovikata ukingoni vilikuwa vinashika uzi usiteleze. Niliisoma moja chini ya uzi mwekundu: harage jeusi dogo, linapanda mti, halipendi maji mengi. Tulisalimiana, kamwene, kamwene, tukamaliza habari za ukoo wote, na nilipofika kwenye sindano hakuacha hata kufuma.

"Baba, cha matanga hakirudi," alisema. "Unataka niseme kaka zangu walikosea kunipa?"

Nilisema sitaki aseme hivyo. Nilimweleza kazi ya sindano. Nilichukua vijiti na majani ya mgomba nikajaribu kumwonyesha, na jambo hilo likawachekesha majirani zaidi ya lilivyomwelewesha yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho wa mstari wake wa kufuma, akaugeuza.

"Sikupi," alisema. "Lakini kuazima si kudai. Huna kinywa cha kuazima?"

Dada, mimi nimeuliza maswali kwa kazi miaka mingi, na hilo sikulifikiria. Nikasema naomba kuazima. Akasema vizuri, ila sindano na kadi ziko kazini mpaka sweta liishe. Nikarudi tena na tena, kila nilipopita Iringa, na kila mara aliniambia ninyooshe mkono apime. Nilidhani mteja wake ni mtu wa kimo changu. Sweta ndilo hili nililovaa ninapoandika. Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, na Shangazi anasema kosa ni la sindano ya mwanzi.

Binamu alikuwa rahisi zaidi, ingawa alinitania njia nzima kutoka Uyole hadi Igawa. Aliikata tiketi yangu kwa koleo lako, taratibu, akaiinua juu abiria wote waone.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia. "Ana kalamu, ana kofia, ana sweta la mikono miwili tofauti, na bado anataka koleo la kondakta."

Alinieleza kwa uzito kwamba tangu alipolipata hakuna mtu aliyewahi kumdanganya kwa tiketi ya jana, kwa sababu mkato wa koleo lile haufanani na mwingine. Nilimwambia ndiyo maana uliupenda. Nilipotaja kuazima akasema kumbe hivyo, basi niliazime. Alisema asingeliachia kwa bei yoyote, lakini kumnyima ndugu kitu cha kuazima ni aibu ambayo basi zima lingeisimulia mpaka Tunduma.

Ikabaki kwa Mama, na kwa Mama nilidhani hakuna kazi.

Nilipanda Kilolo asubuhi yenye ukungu. Mama alinipa viazi na maziwa, akanitolea sanduku kutoka chini ya kitanda, alikoliweka kama ulivyokuwa unaliweka wewe. Kadi zilikuwa zimefungwa kwa kanga yako, safi, kwa mpangilio ulioziacha. Nikainua sakafu ya juu. Chini hakukuwa na kitu. Hata maganda ya kiberiti hayakuwepo.

"Mbegu ziko wapi, Mama?"

"Shambani. Ulitaka ziwe wapi?"

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mistari ya maharage, mingine inatambaa, mingine imepanda miti, na mwanzoni mwa kila mstari kijiti kilichovikwa ganda la kiberiti. Mvua ilikuwa imepita juu ya maganda hayo. Yalikuwa yamelowa na kuvimba, namba zimefutika, mengine yamebaki kama uji uliokauka kwenye kijiti. Nilisimama pale nikajua kwamba kadi sasa hazina mbegu zake, na kwamba hakuna mahali pengine duniani zilipo kwa mpangilio ule. Nilimuuliza kwa nini hakuningoja. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida, lakini aliisikia iliyokuwa chini yake.

"Mbegu ikikaa misimu mingi bila udongo inakufa," alisema. "Mtoto wangu nimemzika. Hizi nimezipanda."

Niliomba jembe, nikapalilia mstari mmoja, kwa sababu sikuona la kufanya zaidi.

Nilirudi wakati wa kuvuna. Mama alikuwa amevuna kila mstari peke yake na kuuanika kwenye ungo wake, nyungo zimejaa uani kama siku ya harusi. Tukatandika mkeka. Mimi nilisoma kadi: nyekundu, doa jeupe kwenye kitovu, ndefu kama figo. Mama hakujua kusoma, lakini aliyajua maharage kwa sura, kwa uzito na kwa jina la kijiji yalikotoka. Alichagua punje, akaniwekea kiganjani, nikaitia kwenye ganda jipya la kiberiti na kuandika namba. Mahali ambapo maandishi yako hayakutosha, kwa mfano pale ulipoandika kahawia na mbele yetu kulikuwa na kahawia tatu, tulipima kwa maneno mengine ya kadi, linalopanda mti na lisilopanda, mpaka tukakubaliana. Mara mbili tulibishana. Mara moja nilikuwa sahihi.

Aina mbili hazikuwepo. Moja haikuota kabisa, nyingine iliota ikaliwa na sungura. Nilitaka kuziondoa kadi zake ili rundo liwe sawa na mbegu. Mama alinizuia. Alisema niziache, na maganda yake niyaweke matupu mahali pake, ili mtu akifungua aone kilichopotea. Nimeyaweka hivyo. Kama umelikagua sanduku kutoka huko uliko, usidhani nimesahau.

Siku ya kulipeleka Iringa hawakuniacha niende peke yangu. Shangazi alisema sindano yake haisafiri bila yeye. Binamu alitupakia kwenye basi lake na kutukatia tiketi kwa koleo lako kwa mara ya mwisho, akatoza nauli kamili. Mama alibeba kikapu ambacho hakutaka kusema kina nini. Mwalimu alitupokea, akaita wanafunzi wa darasa la juu, akaniomba nieleze. Nikaeleza kama ulivyonieleza wewe, yaani nikawaambia waulize. Walitazamana. Ndipo mpishi wa shule, mama mnene aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akauliza kama humo mna harage linaloiva upesi, kwa sababu ya shuleni yanammaliza.

Shangazi hakumngoja mtu. Alipitisha sindano kwenye tundu nililomwonyesha, akainua, akatikisa kwa nguvu kuliko ulivyokuwa unatikisa. Kadi zikaanguka. Mwalimu akataka kuzirudisha taratibu na kufunga kabati.

"Subiri kwanza, mwalimu," Mama alisema. "Tuone kama marehemu alisema kweli."

Kikapu kilikuwa na maharage. Alikuwa amebeba mavuno ya kila mstari kidogo kidogo, kila moja kwenye kitambaa chake. Akatoa yale ya kadi zilizoanguka, akaenda na mpishi jikoni, wakabandika vyungu viwili pamoja, kimoja cha maharage yako na kimoja cha maharage ya shule, moto mmoja, maji ya kisima kimoja.

Tulikaa nje tukingoja. Nilikuwa nimezoea kukukumbuka kwa namna moja, wewe dirishani na sindano, na nilitaka sanduku likae kabatini ili picha hiyo isiguswe. Pale nje, na moshi wa jikoni unatupita, niliona kwamba picha hiyo ilikuwa yangu tu. Shangazi anakukumbuka kwa sufu isiyoteleza, binamu kwa tiketi zisizoghushiwa, Mama kwa mistari nyuma ya nyumba. Sasa sikukasirika tena kwamba waligawana. Nisingejua hayo yote kama ningefika mapema. Huzuni ipo, na sidhani itaondoka, lakini imetulia, inaniacha nifanye kazi.

Tumekubaliana hivi na mwalimu. Kwenye kabati pameandikwa kwamba sindano imeazimwa kutoka kwa Shangazi, koleo limeazimwa kutoka kwa binamu, sanduku, kadi na mbegu zimeazimwa kutoka kwa Mama. Kila msimu wa kupanda maganda yatafunguliwa, mbegu zirudi Kilolo, na baada ya mavuno zije mpya. Mwalimu alisema hajawahi kuwa na kitu kabatini kinachotaka kulimwa. Mama alimwambia basi sasa anacho. Na kadi yangu uliyonitengenezea imo kwenye rundo. Mwanafunzi mmoja aliiokota akauliza hili ni harage gani linalochelewa na kula sana, na binamu akamwambia ni la Mbeya.

Mpishi alitoka jikoni na bakuli mbili. Harage la shule lilikuwa bado gumu, linaruka kwenye meno. Lako lilikuwa limekwisha kupasuka na kutoa rojo. Alimpa Mama mkono, akauliza kama zinabaki za kupanda.

Zilizoanguka tulizila, Dada, kwa ugali, sote na darasa zima. Nilikula sana. Zilizobaki juu ya sindano zimo kabatini, zinangoja swali lao.

Lala salama upande wako wa jua. Msimu ujao nitabeba mbegu mimi mwenyewe, na nitaondoka mapema kabla ya tope.

Mdogo wako,
anayechelewa